Poa: Neno la Jikoni Lililorithi Uungwana

Kila kizazi cha wasemaji wa Kiswahili kimekuwa na neno lake la kumsifu mtu aliyetulia, ajuaye kuvaa, kusema na kunyamaza kwa wakati wake, asiyeyumbishwa na sifa wala na tusi. Wazee wa pwani walimwita muungwana. Baadaye akaitwa mstaarabu. Wakaja watanashati na wamaridadi wa mjini. Vijana wa leo wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi husema tu kwamba yuko poa.

Neno hili la mwisho ndilo lenye kesi. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari nililisikia likishitakiwa mara nyingi, ndani ya chumba cha walimu na nje yake. Walisema ni neno la wahuni. Walisema ni tafsiri ya Kimarekani. Walisema linawanyima vijana adabu ya kuamkia. Sasa nimestaafu, nina wasaa, na ningependa kulipeleka neno hili mbele ya wapenzi wa lugha na ushairi likiwa na mashahidi wake. Dai langu ni kwamba poa si mgeni aliyeingia kwa mlango wa redio. Ni neno la nyumbani, la kale kuliko wanaolishitaki, na limefanya jambo ambalo uungwana haukulifanya: limeigawa heshima ya utulivu kwa kila mtu bila kumuuliza ukoo wake.

Tuanzie jikoni, maana ndiko lilikozaliwa. Uji hupoa, chai hupoa, jiko la mkaa hupoa. Kutoka jikoni neno likaingia mwilini: homa hupoa, jipu hupoa, maumivu hupoa. Kutoka mwilini likaingia moyoni: hasira hupoa, ugomvi hupoa. Mama anayempozea mtoto uji na mganga anayepoza maumivu ya mgonjwa hutumia kitenzi kimoja, na hakuna anayeona ajabu.

Shina hili si la Kiswahili peke yake. Mzulu husema phola kwa kitu kinachopoa na kwa kidonda kinachopona. Mshona husema pora kwa maana hizohizo mbili. Mchewa husema pola kwa mtu au kidonda kinachopata nafuu. Kiswahili kimeidondosha sauti l iliyokuwa katikati ya irabu, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo kwa majirani zetu wengi bado ni njala. Lakini sauti hiyo haikupotea moja kwa moja. Imejihifadhi katika pole, upole na polepole. Mganda naye husema mpola mpola, Mkikuyu husema kahora, Mnyarwanda na Mrundi husema buhoro buhoro. Na hawa wawili wa mwisho, amani yenyewe huiita amahoro. Maneno haya ni ya ukoo mmoja. Tangu zamani sana, basi, watu wa lugha zetu walipotaka kutaja nafuu, taratibu na amani, walizitaja kwa lugha ya kitu kilichopungua joto.

Waarabu walipotuletea maneno yao, lugha ilichagua yale yaliyoelekea hukohuko. Baridi na burudani ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ubaridi. Anayekwenda kuburudika, kwa asili ya neno, anakwenda kupozwa. Mabaharia nao wakatoa shwari, hali ya bahari iliyotulia, na leo mtu akiulizwa hali yake anaweza kujibu shwari hata kama hajawahi kupanda jahazi. Kwa upande wa pili wamejipanga maneno ya moto: mwenye hasira huwaka, huchemka, hupandisha, hufoka. Kufoka nako ni kwa chungu kabla hakujawa kwa mtu. Ni kile kitendo cha maji kuchemka hadi yakamwagikia motoni. Lugha nzima, ukiitazama hivi, imejengwa juu ya imani kwamba binadamu aliyekamilika ni yule ambaye chungu chake hakimwagiki.

Imani hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha uungwana. Katika miji ya pwani, Lamu, Pate, Mombasa, Unguja, Bagamoyo na Kilwa, muungwana alijulikana kwa mwendo wa taratibu, sauti isiyopaa, salamu ndefu zisizo na pupa, na nguo safi hata kama ni moja. Methali zilimfunza. Mwenda pole hajikwai. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na iliyo kali kuliko zote: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Methali hii haisemi kwamba muungwana havuliwi nguo. Inakubali kuwa siku ya aibu itafika, na inamfundisha la kufanya: asikimbie, asipige kelele, asirudishe matusi, achutame, ajisitiri kwa mwili wake mwenyewe. Kama kuna maelezo mafupi zaidi ya kile ambacho vijana wa leo wanakiita kuwa poa, mimi sijayaona.

Lakini haitoshi kuusifu uungwana na kuishia hapo, kwani neno hili lina upande wa pili ambao vitabu vya shule huupita haraka. Muungwana, kwa maana yake ya kisheria na ya kijamii, alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Utulivu uliosifiwa ulikuwa na uzio. Mtumwa angeweza kuwa mpole kuliko bwana wake, mwenye kauli njema kuliko bwana wake, na bado asiitwe muungwana, kwa sababu jina hilo lilirithiwa kabla ya kustahiliwa. Mavazi yalilinda uzio huo. Viatu, kilemba, kofia na ushungi vilikuwa alama za watu huru. Mtumwa alitazamiwa atembee miguu mitupu na kichwa wazi mbele ya mabwana. Wanawake watumwa walijulikana kwa kaniki, ile nguo nyeusi ya bei nafuu, na wengi wengine walijifunga merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichopata jina lake kutokana na wafanyabiashara wa Marekani walioleta shehena zake Unguja.

Hata hivyo watu hawakukubali uzio huo kimya. Wapagazi na askari wa misafara ya karne ya 19, walioingia bara kutoka pwani, walijiita waungwana huko walikokwenda, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Mbele ya wenyeji wa Unyamwezi, Manyema na Maziwa Makuu, kanzu, bunduki na Kiswahili vilitosha kuwapa daraja ambalo Unguja wasingelipata. Jina hilo liliganda. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa muda mrefu, na msomaji akiitazama vizuri sura ya neno hilo atamwona muungwana amejikunyata ndani yake.

Pwani kwenyewe mambo yalikuwa yakibadilika kwa njia nyingine. Seyyid Said alipouhamishia Unguja utawala wake kutoka Oman, katika miaka ya 1830 na 1840, kipimo cha mtu mwenye adabu kilianza kuegemea utamaduni wa watawala. Neno ustaarabu, lililotokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa kama Mwarabu, likaanza kukaa kwenye kiti cha uungwana. Leo tunalitumia bila kulifikiria. Tunamsifu mtu kwa ustaarabu wake wa kupanga foleni au kuomba radhi, na hakuna anayekusudia asili ya mtu yeyote. Maneno yana bahati hiyo: yakitumiwa na wengi, huusahau ukoo wake. Lakini wakati wake, ustaarabu nao ulikuwa uzio, na nje ya uzio kulikuwa na neno lake la dharau, ushenzi.

Mwezi Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed na kwa shinikizo la Waingereza, hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Walioachwa huru hawakupewa ardhi wala mali ya kuanzia maisha. Kitu cha kwanza ambacho wengi waliweza kukishika kwa mkono ni nguo. Waliokuwa wakitembea kichwa wazi walivaa kofia. Waliokuwa wamefungwa katika kaniki walivaa kanga, vazi lililokuwa limezaliwa punde tu, kutokana na leso zilizoshonwa pamoja. Wengine walivaa buibui. Tukiutazama umaridadi huo kwa macho ya leo tunaweza kuuona kuwa ni mapenzi ya fasheni. Kwa waliouvaa, ulikuwa ni tangazo: na sisi ni watu.

Katika kizazi hicho ndimo alimotoka Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, muuza vyungu aliyehamia mjini Unguja na kuwa sauti iliyotambuliwa na pwani nzima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo kabla ya hapo binti wa shamba asingeiota. Siti hakuzaliwa ndani ya uzio. Aliimba mbele ya watu wa tabaka zote akiwa amejisitiri kwa vazi la heshima, kwa Kiswahili mahali ambapo taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu, na waliokuwa na majina makubwa wakaja kumsikiliza. Utulivu wake haukuhitaji shahada ya ukoo.

Kanga nayo ilileta sanaa ambayo washairi hatuna budi kuitazama kwa makini, yaani maandishi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zilianza kubeba majina, yale maneno machache ya chini ya mji. Mwanamke aliyetukanwa na jirani hakuhitaji kutoka uani na kufoka. Alinunua doti yenye jina linalofaa, akaivaa, akapita mbele ya mlango wa aliyemtukana akienda zake sokoni. Hakusema kitu, na kila mtu alisikia. Hapo ndipo fumbo lilipokuwa jokofu la hasira.

Nasi washairi tulikuwa tumekwisha kulijua jambo hilo kabla ya kanga. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, aliishi katika zama za vita kati ya Mombasa na Lamu, na mashairi yake mengi ni majibu, kejeli na vitisho baina ya miji hiyo. Tufikirie kazi iliyo ndani yake. Mtu ameghadhibika, adui amemdhihaki mji wake. Badala ya kupayuka, anakaa chini ahesabu mizani, atafute vina vya kati na vya mwisho, achague fumbo ambalo adui atalifumbua usiku akiwa peke yake. Hadi beti ikamilike, chungu kimepoa, ingawa maji yake yangali ya moto vya kutosha kumbabua mlengwa. Kila malenga aliyewahi kujibizana anajua kwamba anayepoteza mizani kwa hasira amekwisha kushindwa. Hiyo ndiyo sababu mimi huwaambia vijana kuwa arudhi, pamoja na kuwa pambo, ni adabu ya hasira.

Si kila mtu aliyetafuta heshima aliitafuta kwa utulivu. Tangu zamani Kiswahili kimekuwa na kundi la maneno ya tahadhari: maringo, madaha, mikogo, mbwembwe, mashauo, kujinaki. Yote hutaja umaridadi uliovuka mpaka. Mashindano ya ngoma ya beni, yaliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kusambaa Tanganyika pamoja na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yalikuwa uwanja mkubwa wa mikogo. Watu walivaa sare za kuigiza majeshi ya Wazungu, wakapiga ala za shaba, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Chama cha Marini kilijinasibu na watu wa hali ya juu, makarani na wenye elimu. Arinoti kilikusanya zaidi watu wa kazi za mikono. Wapo waliowacheka kwa kuiga. Ukitazama kwa karibu utaona kuwa karani na kuli walikuwa wakigombea swali lilelile lililoachwa wazi na mwaka 1897: baada ya uzio kuanguka, nani ana haki ya kutembea mjini kifua mbele?

Serikali zilizofuata uhuru nazo zilijaribu kulijibu swali hilo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Barua nyingi zilimiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga, na huko Kariakoo wanawake walishushwa kwenye mabasi na makundi ya watu kwa sababu ya mavazi yao. Mimi nilikuwa mtoto. Niliyakuta masimulizi yake kwa kaka na dada waliokwenda mjini. Ninachokiona leo nikirejea habari hizo ni kwamba waliodai kutetea utulivu wa Kiafrika ndio waliokuwa wakifoka barabarani, na waliokuwa wakitukanwa ndio waliochutama. Methali ilikuwa upande wa wanawake wale.

Sheria za mavazi zilipita, vijana wakabaki. Katika miaka ya 1970 tulivaa bugaluu na raizoni, tukajua kila bendi na mtindo wake: Western Jazz na Saboso, NUTA Jazz na Msondo, halafu Mlimani Park na Sikinde. Mtindo lilikuwa jina la namna ya kupiga na kucheza, na kijana aliyetajwa kuwa ana mtindo alikuwa amesifiwa vya kutosha kwa wiki nzima. Tukiwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa mwalimu ni kioo cha jamii. Baadhi yetu tulikuwa kioo mchana, na usiku tukawa wachezaji, na sikumbuki kioo kuvunjika.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza kughani kwa Kiswahili juu ya ala za Kimarekani. Mmojawapo wa waliotangulia, Saleh Jabir, alipata umaarufu kwa kuweka Kiswahili juu ya wimbo wa Ice Ice Baby, wimbo ambao jina lake ni barafu tupu. Wazee waliuita muziki huo wa kufokafoka. Tuzingatie mgongano huo wa majina. Wazee walisikia chungu kinachomwagika. Vijana wenyewe, wakiulizwa mambo vipi, walijibu poa. Kila upande ulikuwa ukitumia sitiari za jikoni za mababu zilezile, pasipo kujua.

Hapo ndipo linapoingia lile shitaka la Umarekani. Sikatai kwamba filamu na santuri za Marekani, ambako neno la ubaridi limekuwa sifa ya mtu na ya muziki tangu zama za jazi, zililipa neno letu msukumo. Lakini msukumo si asili. Robert Farris Thompson, mtaalamu Mmarekani wa sanaa za Afrika, alichapisha mwaka 1973 katika jarida la African Arts makala iliyoeleza jinsi ubaridi, ambao Wayoruba huuita itutu, ulivyo sifa ya tabia na ya uzuri katika sanaa za Afrika, akauhusisha na ule wa Wamarekani weusi. Kama ni hivyo, kijana wa Magomeni aliyeazima ubaridi kutoka Marekani alikuwa akiazima mali iliyowahi kutoka bara lake, na akaivika neno lililokuwa tayari jikoni kwa mama yake.

Maneno ya rika huzaliwa na kufa. Bomba, babu kubwa, kamambe, kila moja lilitamba msimu wake, na leo mengi yanamtambulisha msemaji kuwa wa umri fulani. Poa limedumu kwa zaidi ya miaka thelathini, likavuka mpaka wa nchi, likaingia vinywani mwa akina mama wa sokoni na makondakta, na hata likapata jibu la utani la poa kichizi kama ndizi kwenye friji. Nadhani limedumu kwa sababu lina mizizi. Msemaji halazimiki kulijifunza, analitambua.

Limedumu pia kwa sababu ya kazi linayoifanya katika salamu. Shikamoo, ambayo aghalabu huelezwa kuwa ilitokana na kushika miguu ya mkubwa, humtaka msemaji apime kwanza nani yuko juu na nani yuko chini. Ni salamu ya heshima, naipenda, na nimewafundisha wanangu na wanafunzi wangu. Lakini si kila mkutano wa watu wawili ni wa mkubwa na mdogo. Mambo na poa ni salamu ya walio sawa. Mwuzaji na mnunuzi, mkulima na karani, mgeni na mwenyeji, hupeana mambo na poa bila kuulizana umri, dini wala ukoo. Mtu hawezi kurithi kuwa poa. Hawezi kunyimwa pia kwa sababu bibi yake alivaa kaniki. Uungwana uliobaki katika methali umepata hapa mrithi asiye na uzio.

Sisemi kuwa mrithi huyu hana kasoro. Kupoa kuna mpaka wake, na lugha inaujua: biashara iliyopoa ni biashara mbaya, sherehe iliyopoa haina wachezaji, na jirani ya kupoa lipo neno kupooza. Utulivu usiojali unaweza kujificha ndani ya jina zuri. Tena jibu la poa hutolewa upesi mno, hata mtu anapoungua. Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliyerejea shuleni wiki moja baada ya wenzake. Nilimwuliza habari za nyumbani, akanijibu, “Poa, Mwalimu.” Darasa likacheka, kwa kuwa jibu hilo halikuwa la kumpa mwalimu. Hakucheka wala hakuinama. Baada ya kipindi jirani yake wa dawati alininong'oneza kuwa walikuwa wamemzika mama yake. Nikamwita, nikamwambia pole. Akasema, “Nishapoa, Mwalimu,” kisha akaniomba daftari la mwenzake anakili vipindi vilivyompita.

Nimelifikiria mara nyingi jibu lile la pili. Kwa maneno mawili alikuwa amesema kwamba ametulia, kwamba anaelekea kupona, na kwamba asingependa kulia mbele yangu. Maana zote tatu zimo ndani ya kitenzi hicho tangu zamani, na kijana wa kidato cha tatu alizitumia zote bila kamusi. Sikuona uharibifu wowote wa lugha. Nilichojifunza kwa upande wetu sisi wasikilizaji ni kwamba poa na pole ni ndugu, na hawafai kutenganishwa. Jamii inayowafundisha vijana kusema poa inapaswa kuwa na watu wanaojua wakati wa kuitikia kwa pole. Waungwana wa zamani walijua: salamu zao zilikuwa ndefu ili shida ipate nafasi ya kujitokeza baada ya salama ya tatu au ya nne. Salamu yetu mpya ni fupi, na ufupi wake unatudai tutazame uso wa anayeijibu.

Kwa hiyo naliomba baraza hili la wapenzi wa lugha liifute kesi. Na washairi wetu nawapa kazi. Poa bado halijapata utenzi wake, ilhali vina vyake viko tele, kutoka boa na toa hadi ng'oa, okoa na komboa. Anayetunga na aanze na uji, apite kwa muungwana anayechutama na mwanamke wa kanga anayepita kimya, afike kituo cha daladala. Nanyi wasemaji wa Lamu, Pemba, Vumba, Bukavu na Bujumbura, lazima mna maneno yenu ya kumtaja mtu aliyetulia, ambayo kamusi zetu sanifu hazijayakaribisha. Yaleteni pamoja na mifano ya matumizi, na mtueleze ni nani huambiwa maneno hayo na ni nani hunyimwa. Swali hilo la mwisho msiliache, kwani historia ya neno la sifa haijakamilika mpaka tujue walioachwa nje yake.